Kipanya kiwe mkononi mwao

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuwafundisha wenzako mfumo mpya wa ununuzi. Umeniuliza uanzie wapi. Nakuambia lile nililolijua kwa kuchelewa: kwenye chumba cha mafunzo, kipanya cha kompyuta anakishika mwanafunzi, si wewe.

Mara yangu ya kwanza nilizungumza asubuhi nzima huku watu wakiitikia kwa vichwa, nikadhani wameelewa. Jumatatu yake, mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima anayeijua kazi yake kuliko sote, alikaa mbele ya skrini asijue hata pa kuingizia ankara. Nikachukua kipanya, nikabofya hapa na pale, ankara ikaingia. Akanishukuru. Kesho yake akaniita tena kwa jambo lile lile. Kumbe nilichokuwa nimemfundisha ni kuniita.

Tangu siku hiyo naiweka mikono yangu mgongoni. Nasema, "Tazama juu, upande wa kulia. Unaona nini?" kisha nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, maana unamwona anapapasa skrini nzima kwa macho na kidole kimeganda. Mwache. Akikipata mwenyewe, uso wake wote hubadilika, na safari ya pili hakutafuti.

Halafu wakosee, tena kwa makusudi. Waambie waagize boksi 100 za karatasi badala ya 10, kisha waifute oda hiyo wenyewe. Wengi wanaokaa kimya darasani hawashindwi kuelewa, wanaogopa kuharibu. Kwa hiyo waombe mafundi nakala ya mazoezi ya mfumo, iliyojaa ankara na majina ya bidhaa yanayofanana na ya kazini kwenu. Bila nakala hiyo mimi nisingekubali kufundisha.

Tarehe nayo usikubali ipangwe ovyo. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 1885 sehemu kubwa ilikuwa imempotea ndani ya siku moja. Kazi ya ofisini ina maana kuliko silabi zile, najua, lakini ukiwafundisha mwezi mzima kabla mfumo haujawashwa, utarudia yote. Wiki ile ile ndiyo nzuri. Ukiweza, gawa somo mara mbili, na la pili lianze kwa wao kufanya ya jana bila msaada.

Watu wasizidi kumi, kila mmoja na kompyuta yake, na mwenzako mmoja apite nyuma yao wewe ukiwa mbele. Nywila zote zijaribu jana yake. Nimewahi kupoteza saa nzima kwa akaunti tatu zilizokataa kufunguka. Wakuu wa idara wapatie siku yao, kwa sababu mbele ya bosi hakuna anayethubutu kusema hajaelewa.

Wiki ya kwanza usijifungie ofisini kwako. Zunguka kwenye meza zao, na kila swali liandike kwenye daftari. Likija mara tatu kutoka kwa watu watatu, rekebisha somo kabla ya kundi linalofuata.

Niandikie kundi la kwanza likimaliza, uniambie hasa walikwama wapi.

Wako akupendaye