Mheshimiwa Waziri, maombi ya chuo yaanze mwanafunzi akiwa bado shuleni

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakusalimu kwa heshima. Ninafundisha kemia kidato cha tano na sita katika shule ya bweni mkoani Kigoma. Nakuandikia kuhusu miezi ambayo wanafunzi wetu hukosa mtu wa kuwaelekeza: tangu wanapomaliza mtihani mwezi Mei hadi udahili wa vyuo unapofungwa.

Baada ya mtihani, wengi wao huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Matokeo hutoka Julai wakiwa bado kambini, na hapo madirisha ya udahili na mkopo yanakwenda mbio. Mwenye kaka aliyepita chuo kikuu atafuatiliwa kila kitu. Yule wa Uvinza au Kibondo, wa kwanza kwao kufika kidato cha sita, atamtegemea nani?

Atategemea steshenari ya stendi. Kijana wa pale anaijua kompyuta, udahili haujui. Binti mmoja niliyemfundisha, wa tahasusi ya CBG (kemia, biolojia na jiografia) na mwenye ufaulu mzuri, alijaziwa udaktari wa binadamu kila chuo alichoomba. Udaktari unadai fizikia, na CBG haina fizikia! Sharti hilo limo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kitabu ambacho hakuna aliyewahi kumfungulia. Alilipia maombi yote, akakosa yote, akaja kupata nafasi awamu ya mwisho katika kozi ambayo hakuwahi kuiwaza.

Kwenye mkopo ndiko wengi wanakokwama. Bodi ya Mikopo (HESLB) inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Yatima anatakiwa awe na cheti cha kifo cha mzazi. Mdhamini awe na kitambulisho, na fomu ipite kwa serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa hakimu au wakili. Fomu yenyewe kweli inasubiri dirisha lifunguliwe, lakini vyeti na mdhamini vinaweza kutafutwa kabla ya matokeo. Halafu kuna majina. Cheti kinasema Hamisi, shuleni aliandikishwa Khamis, na ubishi huo unagundulika Agosti, wakati siku zimebaki za kuhesabu. Ungegundulika Oktoba iliyotangulia, mwanafunzi akiwa bado shuleni, mzazi angepata muda wa kutosha wa kuapa na kurekebisha.

Mheshimiwa, naomba Kamishna wa Elimu atoe waraka kwa shule zote zenye kidato cha sita. Muhula wa kwanza wa kidato cha sita, kila mwanafunzi akaguliwe cheti na majina. Likizo ya Desemba aondoke na barua kwa mzazi inayotaja kila karatasi itakayohitajika, kwa sababu kwa mtoto wa bweni hiyo ndiyo nafasi ya kukaa na wazazi muda bado upo. Januari tupewe kipindi kimoja kwa wiki, mwongozo wa TCU wa mwaka uliotangulia uwe mezani, kila mmoja asome kozi zinazokubali tahasusi yake, atoke na kozi alizozielewa. Na Julai maabara ya kompyuta ya shule ifunguliwe kwa wahitimu, akiwapo mwalimu aliyelipwa posho.

Maofisa wa Bodi ya Mikopo wamewahi kwenda kambini kuwasaidia vijana. Nawashukuru kwa dhati. Iwe kila kambi, kila mwaka, na TCU wawe pamoja nao.

Nakuandikia wewe kwa sababu shule ziko TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), RITA iko Wizara ya Katiba na Sheria, JKT iko Wizara ya Ulinzi, ilhali TCU na Bodi ziko kwako. Mkuu wa shule hawezi kuwaita wote hao meza moja. Wewe unaweza.

Najua kuna watakaosema mwaka wa mwisho ni wa kukimbizana na silabasi. Mimi ni mmoja wa wanaokimbizana nayo, na kipindi kimoja kwa wiki hakiniangushii mwanafunzi. Tatizo ni kwamba mkuu wa shule huulizwa amepata divisheni wani ngapi, haulizwi wangapi wameingia chuo. Naomba na hilo la pili liwe linaulizwa.

Vijana walioko kidato cha tano sasa wataingia cha sita Julai. Waraka ukitoka kabla ya hapo, tutaanza nao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari, Kigoma