Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya

Assalaam alaykum. Ndugu wanachama, wazee na walezi wa watoto wenye ulemavu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitozirefusha. Tarehe 3 Disemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu Duniani, tulishiriki. Mafunzo ya walezi yalifanyika Wete na Chake Chake. Wageni kutoka Unguja mliwapokea wenyewe. Wanachama 58, waliolipa ada kamili 17, mapato pamoja na sadaka shilingi 690,000, matumizi 655,000. Risiti anazo Mshika Fedha. Mwenye shaka amfuate yeye, siyo kunisema barazani.

Sasa lile lililozungumzwa mwaka mzima: fedha za futari. Ni kweli, kamati ilichukua shilingi 250,000 zilizowekwa kwa futari ya wanachama, ikanunua vifaa vya kutengenezea swichi za watoto wetu, zile za kubonyeza ili gari la kuchezea au redio iwake: chuma cha kuchomea risasi ya kuungia waya, waya wenyewe, pamoja na jeki za hedifoni za milimita 3.5 na matundu yake. Niliyependekeza ni mimi, na ningependekeza tena.

Wanaosema swichi zetu za mwanzo zilitosha hawakuwa wakiletewa zikiharibika. Zile za sidii mbovu, foili na sponji la godoro zilifanya kazi vizuri zikiwa mpya: sponji lenye tundu katikati linatenganisha foili mbili, mtoto akibonyeza zinagusana, moto wa betri unapita, gari la kuchezea linakwenda. Lakini foili hukatika kwenye mikunjo, na sponji likishalala foili hazitengani tena. Mtoto kashaondoa mkono, gari bado linakimbia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo atajuaje kuwa mwendeshaji ni yeye? Sasa tunatoa vitufe vilivyomo ndani ya mausi mbovu za kompyuta, tunavichomea waya, juu tunaweka kifuniko kipana cha kopo. Yupo mtoto wetu asiyeweza kukunjua vidole. Anabonyeza kwa shavu, kitufe kinalia "tik", naye anacheka hata redio haijasema kitu. Siku hiyo waliopinga hawakuwepo.

Mwenzetu mmoja alishauri tuagize za viwandani kutoka nje. Moja inaweza kufika dola 60 na zaidi, bado usafirishaji. Kwa fedha ile tungepata moja, tukagombana ni ya mtoto wa nani. Na aliyeniletea feni ya ukutani tuitie swichi, jibu ni lile lile: tunashughulika na vya betri tu, umeme wa nyumbani hatuugusi.

Inasemwa pia kuwa chuma kile kinakaa kwangu. Kinakaa kwangu kwa sababu mlango wa ofisi haufungiki, na fedha za kitasa zimo ndani ya ada ambazo wanachama 41 hawajamaliza kulipa. Mkutano wa Machi tulihudhuria saba, wawili wakiwa wajukuu zangu. Siku ya kugawa swichi ukumbi ulijaa mpaka nje.

Mwaka ujao, inshaallah, tutatafuta wafadhili, tutafika Micheweni na Mkoani, na pengine vijana wetu mafundi redio watakubali kutusaidia.

Swichi ni za kuazima, siyo za kumiliki. Wenye swichi ambazo watoto wao wameshaziacha wazirejeshe kwa Katibu kabla ya Mfunguo Mosi, pamoja na waya zake.

Mwenyekiti