Shukrani kwa kaka wa mikoko ya Chwaka

Assalaam alaykum. Kaka yangu, hukutaka jina lako litajwe, nami naliheshimu hilo, lakini kunyamaza siwezi.

Ghuba ya Chwaka ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Unguja, na tangu 2004 imo katika hifadhi ya taifa pamoja na msitu wa Jozani. Hata hivyo shoka halikukoma: boriti, kuni, matanuri ya chokaa. Wewe hukuja kutukaripia. Ulikaa na kina mama wanaookota chaza, ukasikiliza kwanza. Kisha ukaingia topeni nasi, ukatuonesha kuwa katika aina za mikoko, mlilana ndio unaokaa mbele kupokea mawimbi, na ule uitwao mkoko hasa nyuma yake penye tope laini. Na mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, basi huchomekwa tu, ncha chini, bila ya kuvunja kichwa chake. Kabla ya hapo tukipanda popote, miche ikifa.

Sasa miche imeshateremsha mizizi ya pembeni, na kaa wamerudi humo. Mwenyezi Mungu akulipe kila la kheri. Mama anakusalimu sana. Anasema ukija tena usiondoke bila ya kula.