Anayeshika daftari naye ni wa timu

Mhariri,

Mwangaluka. Naandika kujibu makala ya ukurasa wenu wa michezo iliyosema kwamba mbio za magari za Marekani, zile za NASCAR, ni mchezo wa mabilionea na kwamba timu za kifamilia zimekwisha kupitwa na wakati. Mwandishi wenu kasema nusu ya kweli. Pesa inahitajika, tena nyingi. Lakini anayeisoma makala ile hapa Nyakato atalikunja gazeti akiamini kwamba ukoo usio na hela hauwezi kuanzisha kitu kikakua. Hilo nalikataa, na mifano ya kulikataa ipo ndani ya mchezo huohuo alioutaja.

Nijitambulishe. Mimi ni binti wa fundi magari. Gereji yetu iko pembeni ya barabara iendayo Musoma, na wateja wetu wakubwa ni Fuso zinazobeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, Hiace za abiria, na Noah ambazo wenyewe hutuletea zikiwa zimeshakata roho. Kaka zangu wanashika spana, mimi nashika daftari: nani kalipa, nani kaahidi, spea ipi imeingia kwenye gari lipi. NASCAR nimeijua kupitia kaka yangu mdogo, ambaye bando lake huishia huko kila Jumapili usiku, maana kule bado ni mchana. Yeye anapenda magari yakigongana. Mimi macho yangu yaliganda kwa wale watu wanaoruka ukuta na jeki gari likisimama.

Timu ninayoizungumzia ni ya ndugu wa Wood, wenyewe wanajiita Wood Brothers. Kwao ni Stuart, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Virginia. Glen Wood alikuwa mpasua mbao. Mwaka 1950 yeye na rafiki yake walinunua Ford kuukuu ya mwaka 1938 kwa dola 50. Katika shindano la kwanza ikagongwa, ekseli ya nyuma ikapinda, na walipokuwa wakiivuta kurudi nyumbani ikashika moto. Gereji hawakuwa nayo. Injini waliing'oa kwa mnyororo uliotupwa juu ya tawi la mti. Nilipomsimulia baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kwa sababu injini yake ya kwanza naye aliishusha chini ya mwembe, na mwenye mwembe akaja kumdai kodi ya kivuli.

Mwandishi wenu anasema mchezo ule ni wa mabilionea tangu mwanzo. Tangu mwanzo wapi? Mwaka 1949, ligi yenyewe ilipoanza, sharti lilikuwa gari la mashindano liwe lilelile linalouzwa dukani. Dereva Lee Petty, ambaye ukoo wake nitaurudia, alikwenda kwenye mbio ya kwanza kabisa pale Charlotte na Buick ya kuazima. Akaipindua. Sijui mwenye gari alimwambia nini, ila ninavyowafahamu wenye magari wa Mwanza, naweza kukisia.

Ndugu wa Wood walikuaje? Sitasema walikuwa na dereva hodari, ingawa Glen mwenyewe aliendesha na alishinda. Walikua kwa sababu mdogo wake, Leonard, alitazama mahali ambapo wengine hawakutazama. Enzi hizo gari likiingia kuongezwa mafuta na kubadilishwa matairi, dereva alishuka, akawasha sigara, mafundi wakafanya kazi kwa nafasi yao. Leonard akaona kwamba mbio inapotelea pale. Wakairekebisha jeki ili gari linyanyuke kwa kukandamiza mara chache tu, na kila ndugu akapewa kazi yake asiyoiacha wala kuiingilia ya mwenzake. Delano alikuwa mtu wa jeki. Huyu matairi, yule mafuta. Sekunde walizookoa gari likiwa limesimama ndizo madereva wengine walizotafuta barabarani kwa kuhatarisha maisha.

Mwaka 1963, siku chache kabla ya Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, dereva wao Marvin Panch alipata ajali akijaribu gari jingine, likawaka moto naye yumo ndani. Miongoni mwa waliomtoa alikuwa jitu la miraba minne aitwaye Tiny Lund, ambaye wiki ile hakuwa na gari la kuendesha. Panch akiwa kitandani hospitali akawaomba akina Wood wampe Lund usukani. Yaani deiwaka, kama tunavyosema kwenye daladala. Deiwaka huyo akashinda Daytona 500, na seti ya matairi aliyoanza nayo ndiyo aliyomaliza nayo maili zote 500.

Miaka miwili baadaye kampuni ya Ford ikawapeleka Indianapolis, kwenye mbio za aina nyingine kabisa, wakamhudumie Jim Clark wa Scotland na gari lake la Lotus. Wenyeji waliwashangaa hao watu wa milimani. Lakini ndugu wale walikaa na mfumo wa kumiminia mafuta, wakalainisha njia ya ndani ili mafuta yateremke bila kukwama, na siku yenyewe mara mbili alizosimama Clark kuhudumiwa kwa pamoja hazikufika dakika moja. Clark akashinda.

Ilikuwa Mei 1965. Mwezi uliotangulia, upande wetu huu wa dunia, ndugu wengine wawili walikuwa wameshinda Safari Rally: Joginder Singh na mdogo wake Jaswant. Joginder alizaliwa Kericho, upande wa Kenya wa ziwa hili letu, na ufundi aliuanzia kwenye gereji ya baba yake. Gari lao lilikuwa Volvo iliyokwisha kutumika, ya mtumba kama ya wengi wetu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari za ukoo, gereji na mbio ni za Wamarekani tu.

Kuna jambo la akina Wood ambalo mimi, mtu wa daftari, nalipenda kuliko ushindi wowote. Mwaka 1973 msimu ulikuwa na mbio 28. Wao na dereva wao David Pearson walikwenda kwenye 18 tu, wakashinda 11. Nyingine waliziacha. Walichagua zile kubwa zenye zawadi ya maana. Nilimsomea baba hesabu hiyo polepole, kwa makusudi, siku aliyopokea Noah ya mtu ambaye jina lake liko kwenye ukurasa wangu wa madeni tangu Noah yake iliyopita. Akanijibu, "Mwanangu, yule ni jirani." Basi.

Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kazi yetu nayo imebadilika. Dereva wa Sengerema au Geita aliyekuwa akisingizia foleni ya kivuko hana tena pa kujifichia. Tajiri wake anajua saa aliyotoka na saa anayopaswa kufika. Kwa hiyo akisimama kwetu anataka gari leo hii. Zamani kaka zangu wote wawili waliingia chini ya Fuso moja, kila mmoja akimuuliza mwenzake spana iko wapi. Nikawaambia habari za Delano. Sasa mmoja anainua gari na kuweka stendi, mwingine anafungua nati, kijana wetu wa kazi anaandaa breki shuu zikiwa zimeshapimwa kabla gari halijapanda. Kaka mkubwa alinuna mwanzoni. Aliona ninamfundisha ufundi. Siku hizi ananiita Leonard, na anadhani ananitania.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikae kuandika. Makala yenu ilizitaja timu zile kama vile ni baba na watoto wake wa kiume, baba akichoka mtoto anashika usukani. Siyo hivyo. Timu ya akina Wood kizazi cha pili imemilikiwa na Eddie, Len na dada yao Kim. Dada, Mhariri. Jina lake limo kwenye umiliki pamoja na kaka zake. Jon, mtoto wa Eddie, alikuwa dereva kwanza, kisha akaingia kwenye uongozi. Kila mtu ana kazi yenye jina na haki yenye maandishi.

Hapa kwetu ninazijua gereji zilizokuwa na majina kutoka Mabatini hadi Igoma, ambazo mzee alipofariki hazikumaliza hata mwaka. Wateja walikuwepo. Tatizo ni kwamba watoto walifanya kazi miaka yote bila mshahara, wakiambiwa "hii ni mali yenu", na siku ya siku ikaonekana hakuna karatasi inayosema ni ya nani. Kila mmoja akabeba sanduku lake la spana akaenda kufungua kibanda chake. Daftari la madeni, ambalo kwa kweli ndiyo nusu ya mali, likawashiwa mkaa. Nimeliona kwa macho yangu kwa jamaa zetu wa karibu, na sitawataja.

Nilipopendekeza nyumbani tuisajili gereji kama kampuni BRELA, kwa msajili wa kampuni, hisa zigawanywe baba akiwa hai na akili zake timamu, baba mkubwa alisema mimi nitaolewa na hisa zangu zitakwenda kwa shemeji. Nikamuuliza, je, mke wa kaka akirithi zitakuwa zimekwenda wapi? Akasema chai imepoa.

Msidhani nawapamba Wazungu wa watu. Ukoo peke yake hautoshi, na mchezo ule umelionyesha hilo kwa ukali. Akina Petty walikuwa wakubwa kuliko akina Wood. Lee alikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1959, kule Lakewood, mwanawe Richard alipodhani ameshinda mbio yake ya kwanza, aliyekata rufaa alikuwa baba yake mzazi. Hesabu za mizunguko zikarudiwa, ushindi akapewa Lee. Richard alikuja kushinda mbio 200, na timu yao kwa jumla ikafikisha 268. Lakini mwaka 2000 walimpoteza Adam, mjukuu wa Richard kwa mwanawe Kyle, na kitukuu wa Lee; alifia mazoezini kule New Hampshire akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 2009 timu ikalazimika kuungana na nyingine. Rekodi yao ya 268 ilivunjwa mwaka 2021 na timu ya Rick Hendrick, mfanyabiashara wa magari ambaye alianza mwaka 1984 na karibu afunge kabla dereva wake Geoff Bodine hajashinda kule Martinsville. Huyo ndiye tajiri ambaye mwandishi wenu alikuwa akimwaza. Hata yeye, mwaka 2004 ndege ya timu ilipoanguka, alimpoteza mtoto wake na mdogo wake siku moja.

Na akina Wood nao walianguka. Walifika mahali wakawa wanakimbia baadhi tu ya mbio, safari hii siyo kwa kuchagua bali kwa kukosa wafadhili. Mwaka 2016 ligi ilipogawa vibali 36 vya kudumu, vya kumhakikishia mwenye navyo nafasi katika kila mbio, wao, waliokuwepo tangu 1950, hawakupata, kwa sababu misimu iliyotangulia hawakuwa wamekimbia yote. Wakaanza msimu ule na kijana Ryan Blaney bila kibali. Mwaka 2017 akawapa ushindi wa 99. Wa 100 wakausubiri miaka saba, ukaja Agosti 2024 palepale Daytona kwa mkono wa Harrison Burton. Gari lao ni lile moja, namba 21, bado Ford. Wanasaidiwa kiufundi na timu ya Penske, na hawaoni aibu kusema.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mmeandika sana juu ya timu yetu ya soka, Pamba Jiji, na mna haki, maana ligi kuu waliisubiri miaka mingi. Ila mtumeni mwandishi wenu siku moja apite gereji za Nyakato na Igoma, asiwaulize wazee wana watoto wangapi wa kurithi, aulize hesabu zinaandikwa na nani na mtu huyo analipwa shilingi ngapi. Akija kwetu atanikuta mezani karibu na kompresa. Ila asije Jumatatu. Jumatatu Fuso za dagaa zinapanga foleni mpaka barabarani, hakuna atakayemjibu.

Binti wa fundi,
Nyakato, Mwanza