Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukaguzi wa Usalama na Majaribio ya Kupenya Katika Huduma za Wingu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka zitasomwa na mhazini, na katibu ameshawagawia orodha ya wanachama wapya, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa hii inahusu kazi yenyewe, kwa sababu huko ndiko tulikolegea. Kamati ya ufundi imepitia ripoti za ukaguzi wa wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia intaneti, zilizoletwa na wanachama, majina ya wateja yakiwa yamefutwa, na nyingi zina ugonjwa mmoja: mkaguzi ameiwasha Prowler au ScoutSuite, programu zinazopekua mipangilio ya wingu zenyewe, jioni, asubuhi akabandika nembo yake juu ya matokeo na kudai malipo. Mteja anapewa mrundo wa kurasa zenye alama nyekundu, asijue aanzie wapi.

Programu hizo ni nzuri, na hakuna anayesema ziachwe. Kasoro yake ni kwamba zinapima mpangilio mmoja mmoja. Hazikwambii mtu aliyeiba ufunguo wa fundi wa tovuti atapita wapi hadi aifikie hifadhidata ya mishahara. Kwenye wingu njia hiyo haipiti kwenye milango ya mtandao kama tulivyozoea kwenye seva za ofisini, inapita kwenye ruhusa.

Chukueni mfano wa AWS, wingu la Amazon. Mtumiaji ana ruhusa tatu: iam:PassRole isiyo na mipaka (kukabidhi huduma wadhifa, yaani kifurushi cha ruhusa), lambda:CreateFunction (kuunda kipande cha msimbo) na lambda:InvokeFunction (kukiita kifanye kazi). Ukizitazama moja moja hazitishi, tena kila msanidi programu ataziomba. Zikiwa pamoja, mtumiaji huyo anaunda kipande cha msimbo, anakivika wadhifa wenye mamlaka makubwa kuliko yake, anakiita, na msimbo unampandisha cheo kuwa msimamizi mkuu wa akaunti. Mfano wa pili ni mfupi zaidi. Sera ya ruhusa huweza kuwa na matoleo hadi matano, na mwenye iam:CreatePolicyVersion anaandika toleo jipya linaloruhusu kila kitu na kulifanya ndilo linalotumika papo hapo, bila kuhitaji ruhusa nyingine. Ndiyo maana kamati inataka kila ripoti ichore angalau njia moja kamili: mahali pa kuanzia, ruhusa iliyotumika katika kila hatua, na mahali mkaguzi alipofika. Kama hakufika popote, aonyeshe alizuiwa na nini.

Kisa cha benki ya Marekani ya Capital One cha mwaka 2019 bado ndicho kinachoonyesha vizuri mnyororo huo. Fayawoli ya programu za wavuti, yaani kichujio cha maombi yanayoingia, ilipangwa vibaya, ikakubali kutumwa na mtu wa nje kwenda kuuliza kwenye anwani 169.254.169.254. Anwani hiyo iko ndani ya kila seva ya AWS na hutoa funguo za muda za wadhifa iliopewa seva. Wadhifa huo uliruhusiwa kuorodhesha na kusoma baketi za S3, yaani hifadhi za mafaili za AWS, ambazo fayawoli haikuwa na haja nazo. Taarifa za watu takribani milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zikatoka, na Agosti 2020 benki hiyo ikatozwa faini ya dola milioni 80. Data ilikuwa imesimbwa, yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo, lakini aliyeingia aliweza kuifumbua. Kwa hiyo mkiona mteja anajitapa kwamba kila kitu kimesimbwa, swali linalofuata ni nani ameruhusiwa kufumbua.

Novemba 2019 AWS ilitoa toleo la pili la huduma inayojibu kwenye anwani hiyo ya ndani. Sasa muulizaji lazima kwanza aombe tokeni, yaani kibali cha muda, kwa ombi la aina ya PUT, tokeni inayodumu saa 6 kwa kiwango cha juu, ndipo apewe majibu. Kasoro nyingi za kuifanya seva itume maombi ya mtu wa nje haziwezi kutuma PUT yenye kichwa maalumu (header), na hapo mvamizi hukwama. Tatizo ni kwamba seva nyingi bado zimeachwa zikubali matoleo yote mawili. Sababu tunaijua: fundi alilazimisha toleo la pili, programu iliyo ndani ya konteina (kifungashio kinachoendesha programu peke yake ndani ya seva) ikafa, akarudisha mambo yalivyokuwa. Konteina huongeza hatua moja ya safari ya mtandao, na kikomo cha kawaida ni hatua 1. Dawa yake ni kupandisha kikomo kiwe 2, tena kwa seva zenye konteina tu. Kabla ya kulazimisha, angalieni kwenye CloudWatch, huduma ya vipimo ya AWS, kipimo cha MetadataNoToken kinachohesabu maombi yasiyo na tokeni. Kikibaki sifuri kwa wiki kadhaa, hakuna programu inayotegemea njia ya zamani. Kikisoma namba, itafuteni programu hiyo kwanza.

Kuhusu namna mkaguzi anavyoingia, kuna uzembe unaotia aibu. Wapo wanaopokea jina na nywila ya msimamizi kwa WhatsApp. Utaratibu ni mteja kuunda wadhifa unaoaminiwa na akaunti ya mkaguzi, wenye kitambulisho cha nje kisichokisiwa, na kuupa sera ya SecurityAudit, inayosoma mipangilio ya usalama. Msikubali ReadOnlyAccess hata mteja akiitoa kwa moyo mweupe, kwa kuwa inafungua yaliyomo ndani ya mafaili na majedwali. Kazi yenu ni kukagua kufuli, na anayeomba kusoma barua zilizomo kabatini anajitafutia kesi.

Na kesi hapa si maneno ya kutishana. Azure, wingu la Microsoft, iliacha kudai idhini ya awali ya majaribio ya kupenya (kuujaribu mfumo kama mvamizi) tangu Juni 15, 2017, AWS inaruhusu majaribio kwa orodha ya huduma ilizozitaja, na Google haihitaji kuarifiwa, mradi mtu asiielemee huduma kwa maombi hadi izime na abaki ndani ya mali ya mteja wake. Lakini hiyo ni ruhusa ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 haimtambui mpimaji asiye na idhini ya mwenye mfumo, na wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2018. Barua ya idhini itaje namba ya akaunti yenye tarakimu 12, mikoa ya wingu (maeneo zilipo mashine) inayohusika, siku na saa, anwani za IP za mpimaji, na simu ya mtu atakayepokea usiku mambo yakiharibika. Mifumo ya kampuni ya tatu iliyounganishwa na akaunti ya mteja haimo hadi yenyewe ikubali kwa maandishi.

Rekodi za matukio ndizo zinazowaaibisha wateja wengi. CloudTrail, daftari la matukio la AWS, bila kuiongezea kitu huonyesha siku 90 tu za matukio ya usimamizi. Kusomwa kwa faili moja moja ndani ya baketi hakuandikwi mpaka mtu awashe rekodi za data, na zina gharama. Basi mteja anayesema “hakuna kilichochukuliwa” muulizeni anajuaje. Hakikisheni pia rekodi zinakusanywa kwa mikoa yote, maana wachimbaji wa sarafu za kidijitali hupenda kuwasha seva kwenye mkoa ambao mteja hajawahi kuufungua hata siku moja.

Jambo ambalo wachache hulifanya ni kupima kengele zenyewe. GuardDuty, huduma ya AWS ya kugundua uvamizi, ikiwa imewashwa, ombi la API (agizo la programu kwa AWS) likitoka kwenye mashine ya Kali Linux, mfumo unaotumiwa na wapimaji, huzalisha tahadhari ya PenTest:IAMUser/KaliLinux. Pacu, programu ya kujaribu kuvamia AWS, ikiona iko kwenye Kali hubadilisha utambulisho wake ili isionekane. Fanyeni siku za mwanzo kimyakimya, na siku ya mwisho mpige kelele makusudi. Kama hakuna aliyepiga simu hadi jioni, andikeni hivyo kwenye ripoti, tena ukurasa wa kwanza.

Funguo zilizovuja zina alama zake: zinazoanza na AKIA ni za kudumu, ASIA ni za muda. Amri ya sts get-caller-identity hukuambia ufunguo ni wa nani bila kuhitaji ruhusa yoyote. Kufuta faili kwenye Git, hifadhi ya matoleo ya msimbo, hakufuti historia, kwa hiyo gitleaks au TruffleHog, programu za kutafuta siri, ipitishwe kwenye historia nzima, na ufunguo uliopatikana ubatilishwe kwanza, mambo ya usafi baadaye. Kwa Azure, tazameni viungo vya SAS, vinavyomfungulia hifadhi yeyote aliye navyo. Mwaka 2023 ilibainika kiungo cha namna hiyo kilichowekwa na watafiti wa Microsoft kwenye GitHub kilifungua terabaiti 38, na muda wake ungekwisha mwaka 2051. Kiungo kilichosainiwa kwa ufunguo wa akaunti hakina orodha mahali popote, na mara nyingi njia ya kukiua ni kubadilisha ufunguo wenyewe, pamoja na kila kinachoutegemea.

Nakala rudufu nazo ziulizwe swali moja: aliye na uwezo wa kufuta mfumo anaweza kufuta na nakala? Kampuni ya kuhifadhi msimbo ya Code Spaces ilifungwa Juni 2014 kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Nakala ziwe kwenye akaunti nyingine, na zifungwe kwa Object Lock, kufuli ya S3 inayozuia kufutwa.

Ushahidi mnaouchukua nao ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mistari miwili iliyofunikwa majina inatosha kuthibitisha, hakuna haja ya kupakua jedwali zima.

Kamati inaleta mapendekezo matatu mpigie kura: ripoti ionyeshe njia kamili, bei ijumuishe kurudi kupima baada ya marekebisho, na ushahidi ufutwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Mazoezi ya mwaka ujao yatatumia CloudGoat, mazingira ya AWS yaliyowekwa makosa makusudi kwa kujifunzia. Kila mwanachama aje na akaunti tupu isiyo ya kazini, aweke kikomo cha tahadhari ya bili kabla hajaanza, aruhusu anwani yake ya IP peke yake, na asiondoke ukumbini kabla hajafuta alichokiwasha.