Nzi wa Funza Hasubiri Kidonda Kikue

Mfugaji akitupigia simu kuhusu funza, huwa tunamuuliza kwanza jeraha lilianza lini. Wengi hujibu, "Sikuliona." Ng'ombe alijikwaruza kwenye seng'enge, au kupe alibanduka akaacha tundu lenye damu. Nzi huyu hahitaji zaidi ya hapo.

Hatuzungumzii nzi wa kawaida wa zizini. Tunazungumzia wawili ambao funza wao hula nyama hai: Cochliomyia hominivorax wa bara la Amerika, na Chrysomya bezziana wa Afrika na Asia. Jike hutaga mayai zaidi ya 100 ukingoni mwa jeraha, na kwa kawaida huanguliwa ndani ya siku moja. Funza hujichimbia nyamani kichwa kikiwa chini, na harufu ya kidonda huwaita majike wengine. Baada ya siku 5 hadi 7 hivi hudondoka na kujifukia udongoni hadi wawe nzi. Kwa mwendo huo, kukagua mifugo mara moja kwa wiki ni kuchelewa. Kagua kila siku, hasa msimu wa joto na unyevu.

Kitovu cha ndama ndicho kinachotuumiza moyo zaidi. Ndama anaweza kuzaliwa mzima kabisa, akaliwa kwa sababu hakuna aliyegusa kitovu chake. Kichovye kwenye iodini mara tu anapozaliwa, kisha kitazame kila siku mpaka kikauke na kudondoka. Mtazame na mama yake nyuma, maana huenda alichanika wakati wa kuzaa.

Kuhasi, kukata pembe na kuvisha hereni, ukiweza, kufanye wakati nzi ni wachache. Pembe ziondoe ndama angali mdogo, kidonda kiwe kidogo. Jeraha lolote lisafishwe na kupuliziwa dawa ya kufukuza nzi siku hiyohiyo. Kupe nao wadhibitiwe, kwa sababu kila kupe ni mlango.

Ukiona ng'ombe amejitenga, anajilamba mahali pamoja, kidonda kinanuka na kutoa majimaji yenye damu, usimwage mafuta ya taa wala oili chafu. Vinaunguza nyama ambayo tunataka ipone. Mwite daktari wa mifugo. Sisi tukifika tunawatoa funza wote kwa kibano, tunasafisha, tunaweka dawa ya kuua waliojificha ndani, na tunakuandikia siku ambazo maziwa au nyama isitumike. Hupaswi kuondoka na dawa bila kuelezwa siku hizo.

Funza waliotolewa wasitupwe chini, watamalizia safari yao udongoni. Watie kwenye chupa yenye spiriti na uihifadhi: daktari ataitazama ajue ni nzi yupi, na kama mamlaka ya mifugo inapaswa kuarifiwa.