Shemeji, Uliondoka Kabla Fomu Haijaandikwa

Shemeji,

Dada anasema jina langu bado halitajwi mezani kwenu. Haya. Simu yangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa hadharani. Neno lenyewe ulinirushia siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Agosti 2022, nikiwa msimamizi wa kituo cha kura, mbele ya foleni nzima, acha na jibu lisikike na watu.

Kwanza nikusifu, maana ukali wako naujua ulikotoka. Hakuna mtoto anayemheshimu mamaye kama wewe. Ulimleta mapema, kabla ya saa kumi na mbili, ukamtafutia kiti, ukamshika mkono hadi mezani. Karani akamfuta kidole gumba kwa kitambaa, akakibandika kwenye kioo cha mashine ya KIEMS, ile inayomtambua mpiga kura kwa alama za vidole. Mashine ikakataa. Kidole cha shahada, ikakataa. Hilo peke yake halikuwa tatizo. Mikono iliyochuma chai au kukoroga saruji miaka mingi hufutika mistari, na sheria imeliona hilo: nambari ya kitambulisho inaingizwa kwenye mashine, jina na picha vikitokea na vikafanana na mwenyewe, Fomu 32A inajazwa mawakala wa wagombea wakishuhudia, mtu anapewa karatasi zake. Nambari ikaingizwa. Jina hakuna. Ikaingizwa tena, wewe mwenyewe ukiisoma kwenye kadi tarakimu moja moja. Hakuna. Ukatuma ujumbe kwa 70000, nambari ya Tume ya Uchaguzi ya kuangalia usajili, jibu likaja na jina la shule iliyo wadi ya pili, ambako mama hajawahi hata kuhudhuria mkutano wa wazazi.

Hapo ndipo uliposema nimeuza kura ya mama yako.

Ulisema amezaliwa hapa, amezalia hapa, na kwamba kila mtu kwenye foleni anamjua. Kweli tupu. Lakini Kifungu cha 83 cha Katiba hakiulizi hayo. Kinataka mtu awe raia mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Basi. Kuzaliwa mahali hakumo, na kujulikana na jirani hakumo. Kisha kinasema asajiliwe katika kituo kimoja tu. Msimamizi wa kituo hana mamlaka ya kuongeza jina kwenye sajili siku ya kura, hata la mama yake mzazi. Sajili inafungwa miezi kabla. Kinachofika mezani ni majina yaliyogandishwa, yasiyozidi 700 kwa kituo, na kazi ya meza ni kusema huyu yumo ama hayumo.

Ukanisomea kipengele cha tatu cha Kifungu hicho hicho, kwamba taratibu za uchaguzi ziwe za kumwezesha raia anayestahili kupiga kura, zisimnyime. Ulikisoma vizuri, na watu wakakupigia makofi. Hicho ni kipengele chenye meno, na mawakili wamekitumia mahakamani, wakiwemo waliopigania haki ya wafungwa kupiga kura. Lakini waliotumia meno hayo walikwenda kortini kabla ya siku yenyewe. Hawakumgeukia karani saa tatu asubuhi huku watu mia mbili wakisubiri juani.

Tuseme ningemruhusu. Hili hukulifikiria, na wengi hawalifikirii. Usiku, kabla hata hatujagusa sanduku, kuna hesabu ya kufanya: karatasi zilizopokelewa, toa zilizoharibika, toa zilizobaki kwenye vitabu, kinachosalia lazima kilingane na watu waliotambuliwa na mashine, pamoja na wale wa Fomu 32A. Sandukuni kungekuwa na karatasi moja isiyo na mwenyewe. Wakala wa upande wa pili angeipiga picha, na wewe unajua angeandika nini chini yake. Hapo kura za mamia ya watu waliofuata utaratibu zingeingia shaka kwa ajili ya mtu mmoja, tena mtu ninayemwita mama.

Lakini nililoshindwa kulisahau si tusi lako. Nilikuambia, na karani alikuwepo, kwamba shule ile iko eneo bunge hili hili. Karatasi ni sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Tano kati ya hizo zilikuwa zile zile, huku na kule. Ya MCA ndiyo pekee iliyotofautiana. Vituo vinafungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekwisha kuingia foleni saa hiyo hapitwi. Bodaboda ingemfikisha mama kwa dakika chache na angekuta hata foleni imepungua. Wewe ukasema atapiga kura hapa ama hapigi kabisa. Ukabishana hadi adhuhuri, yeye amekaa kwenye lile jiwe la kando ya bendera, kitambulisho mkononi, leso imemwangukia mabegani. Mwisho akainuka mwenyewe, akasema anaenda kupika.

Ulitaka kura yake ya MCA, Shemeji. Ulikuwa wakala wa mgombea, na hesabu yako ya kichwani ilishamweka mama hapo. Kura tano zikateketea kwa ajili ya moja. Halafu mnyang'anyi ni mimi.

Ni kweli kuna aliyemhamisha. Hilo siwezi kukukatalia, na liliniuma. Uhamisho halali unamtaka mpiga kura mwenyewe afike kwa afisa wa usajili na kitambulisho chake, siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Mama hakufika popote. Kabla ya Agosti 2022 watu wengi walijikuta wamehamishwa bila kujaza karatasi yoyote, na ukaguzi wa sajili uliofanywa mwaka huo ulikuta pia marehemu zaidi ya 246,000 na rekodi za kujirudia zaidi ya 480,000 miongoni mwa wapiga kura milioni 22. Wakora wa kisiasa hupenda uhamisho kwa sababu ni wa kimya. Ukisomba watu kwa basi wataonekana. Ukihamisha majina, mwenyewe atajua asubuhi ya kura, na hasira yake atammwagia aliye mbele yake.

Dawa yake ilikuwepo. Sheria ya Uchaguzi inaitaka Tume ifungue sajili kwa umma kwa siku 30, zoezi lianze siku zisizopungua 60 kabla ya uchaguzi mkuu, kila mtu aende kituoni kwake akaweke kidole aone kama yumo na kama taarifa zake ni sahihi. Anayeona jina lake limeachwa anapeleka dai kwa afisa wa usajili, na asiporidhika anakata rufaa kwa hakimu. Wakati wa zoezi hilo vidole vya mama vingekataa mapema, nambari ingetafutwa, ile shule ingejitokeza, na kungekuwa na wiki za kupiga kelele. Tangazo lilibandikwa pale kwa chifu. Wewe wiki hizo ulikuwa kwenye msafara wa mgombea wako, fulana mpya mgongoni, ukiwahimiza vijana wajitokeze kwa wingi. Na mimi nilikuwa nimewaambia. Muulize dada.

Sasa tuingie kwenye jioni, maana ndipo ulipojimaliza.

Uliondoka giza likiingia. Najua ulikuwa na njaa na hasira, na posho ya wakala ilikuwa haijafika (hazifiki, hizo). Lakini kura za rais ndizo zinazohesabiwa kwanza, na za MCA zinakuja usiku watu wamechoka, taa moja, karani anasoma huku anapiga miayo. Makosa mengi ya uchaguzi yanaingia saa hizo, na mengi hayahitaji mwizi. Nimeona 69 ikiandikwa 96. Nimeona kura zilizokataliwa zikijumlishwa na halali. Nimeona jina la mgombea wa nne likipewa kura za wa tano kwa sababu rula iliteleza. Wakala aliye macho anayakamata yote haya kwa kalamu ya shilingi ishirini: anachora vijiti vyake mwenyewe kila karatasi inapoinuliwa, mwishoni analinganisha. Vikikataa kulingana, kanuni zinampa haki ya kudai kura zihesabiwe upya, hadi mara mbili, mradi awe yupo. Baada ya hapo fomu inajazwa, 34A ya rais na 36A ya MCA, mawakala wanatia sahihi au wanaandika sababu ya kukataa, kila mmoja anapewa nakala, na nyingine inabandikwa mlangoni.

Nakala yako ilibaki mezani. Niliisubirisha hadi nikachoka.

Wiki ile ile nikasikia umesema redioni kwamba mgombea wako aliibiwa na kwamba fomu ya kituo chetu haina sahihi ya wakala wake. Ni kweli haina. Lakini kanuni zinasema wazi kuwa wakala kukataa kusaini, au kutokuwepo, hakubatilishi matokeo kwa hilo pekee. Ingekuwa vinginevyo, kila anayeona ameshindwa angekuwa anatoroka kupitia dirishani. Ungebaki ukakataa, ukaandika sababu mbili tatu kwa mkono wako, mgombea wako angekuwa na kitu cha kumpelekea hakimu. Kesi ya MCA hufunguliwa katika siku 28, na dhamana ni shilingi 100,000, si kama ile milioni moja ya urais. Pesa mlizochanga zilikuwepo. Ushahidi ndio haukuwepo, kwa sababu shahidi alikuwa amelala nyumbani.

Usinijie na 2017. Najua unavyopenda kusema Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba mwaka ule, basi hata huu ungefutika. Soma ulifutwa kwa nini. Majaji wengi walizungumzia namna matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa, wakatazama fomu zenyewe, baadhi ya Fomu 34B zikakosa alama za usalama, na amri ya kufungua seva haikutekelezwa ipasavyo. Na kabla ya hapo, Juni mwaka ule ule, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshasema kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, asiyabadilishe mtu wa juu. Ukiyaweka pamoja hayo mawili utaona uzito wote umerudishwa kwenye ile karatasi ya mlangoni. Mwaka 2022 nakala za Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti kila mtu azione, walalamishi wakadai zilichakachuliwa, mahakama ikaagiza zikaguliwe dhidi ya fomu halisi, na zikalingana. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaafikiana kwamba matokeo yasimame. Unaweza kutoridhika, hata makamishna wanne walijitenga na matokeo wakati yanatangazwa, na hilo liliacha doa. Lakini doa la Bomas, ukumbi yalikotangazwa matokeo ya rais, haliwezi kuwa ushahidi wa kituo ambacho wewe ulikikimbia.

Watu wanaosoma hapa wataniona mkali. Hawajui kwamba wewe ndiye uliyenibebea jeneza la baba kwenye matope yale, wala kwamba watoto wako hunipigia mimi wakifeli hesabu. Sijakuita mwizi hata siku moja. Nilikuita mzembe, tena chumbani, na dada ndiye aliyelipeleka.

Haya, ya mbele. Uchaguzi mkuu ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Usajili unaendelea sasa, na uhamisho nao unafanyika kwenye ofisi ya Tume ya eneo bunge. Mama asisubiri Mei 2027, siku 90 zitakuwa zinamfungia mlango. Aende mwenyewe, hawezi kuwakilishwa na mtu. Achukue kitambulisho halisi, kile kile alichosajiliwa nacho. Nakala ya fotokopi haitakubalika, wala karatasi ya kusubiria kitambulisho, akikibadilisha kabla ya hapo. Kabla ya kuweka vidole anawe mikono kwa maji ya vuguvugu na ajikaushe vizuri, ajipake mafuta kidogo, kisha ayafute. Mikono mikavu husomeka vibaya. Akimaliza asiondoke bila kuona jina la kituo kwenye karatasi aliyopewa. Sajili ikifunguliwa kwa uhakiki, arudi tena, hata kama kila kitu kilionekana sawa mara ya kwanza.

Dada amesema atamsindikiza Alhamisi. Nami nitakuwa nje pale kwa sababu zangu nyingine. Ukitaka kuja, njoo, gari lako lina nafasi kuliko matatu. Ila Kifungu cha 83 ukiache nyumbani, afisa wa pale anakijua.